Risala ya Kina Mama wa Wanajeshi wa Tillery Kuhusu Mbwa Aliyeachwa Nje ya Geti

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Orrin Haskett, Mwenyekiti wa Bodi ya Maonyesho ya Kaunti ya Tillery, wajumbe wa Bodi, Mchungaji Lindqvist, wakulima na wafugaji, kina mama wenzetu, na ninyi watoto mliowaacha kondoo na nguruwe wenu mabandani mkaja kula:

Makaribisho

Mheshimiwa, karibu sana mezani petu. Viazi vya kuoka na jibini vipo, kuku yupo, mahindi mabichi yamevunwa leo. Tumesikia daktari amekukataza sukari, kwa hiyo Gladys Overby amekuandalia pai ya tufaha ya peke yako. Ukiona inafanana na kadibodi, tafuna tu unyamaze, maana Gladys ana moyo mwepesi.

Tunajua ulishika uenyekiti majira ya baridi yaliyopita, na haya tutakayoyasema yalitokea kabla yako. Hatukuja kukulaumu. Tunakuambia wewe kwa sababu mwenye geti sasa ni wewe.

Tulikotoka

Kikundi hiki kilianzia chini ya kanisa la Kilutheri, chumba kile chenye bomba linalovuja, wakati watoto wetu walipopelekwa Iraki na Afghanistani. Tulikuwa tunafunga maboksi ya soksi na biskuti. Tulidhani watoto wakirudi, kazi itakuwa imekwisha, tutabaki kunywa kahawa tu.

Walirudi. Mwingine alirudi bila mguu, na huyo kila mtu alimfungulia mlango. Mwingine alirudi mzima kwa kumtazama, anakula, anacheka, lakini hawezi kukaa mgongo wake ukielekea watu. Huyo hakufunguliwa mlango na mtu, kwa kuwa hakuna aliyeona kilichovunjika. Ndipo wakaja mbwa.

Tuliyofanikiwa

Tumeshona mablanketi ya viraka tukayauza, na kwa hayo vijana wetu kadhaa wamepata mbwa waliofundishwa kuwasaidia. Maktaba inawapokea. Duka la vifaa vya shamba linawapokea, na mwenye duka amejifunza kutowapa biskuti wakiwa kazini. Shule ya sekondari nayo inawapokea, ingawa mwalimu wa michezo alisema kwanza, "Mbwa akiingia uwanjani atacheza vizuri kuliko timu yangu." Hakuna aliyembishia.

Mahali palipobaki ni hapa, Mheshimiwa. Maonyesho haya, ambayo sote tumekulia ndani yake.

Yaliyotokea mwaka jana

Mengi mmeyasikia yakizungushwa mitaani. Tunaomba mtusikilize sisi, kwa kuwa mama mwenyewe ni mwenzetu, Ardith Sorensen, amekaa meza ya pili pale, na ametupa ruhusa.

Mwanawe ni Lyle. Mbwa wake ni jike jeusi, anaitwa Tansy. Kwenye umati, Tansy husimama nyuma ya Lyle ili mtu asimjie kisogoni. Na Lyle anapoacha kusikia watu, pumzi ikambana, macho yakaenda mbali, Tansy humwegemea miguuni kwa uzito wake wote mpaka arudi. Hiyo ndiyo kazi aliyofundishwa. Ardith anasema tangu Tansy aingie nyumbani, naye amejifunza tena kusinzia kwenye kiti mchana kama watu wengine.

Sasa, siku moja kabla ya Siku ya Heshima kwa Wanajeshi Wastaafu, mtu fulani aliingia na kijibwa chake cha nyumbani amekivalisha kizibao alichonunua kwa posta, kimeandikwa MBWA MSAIDIZI. Kijibwa kile kikainua mguu kwenye meza ya mashindano ya pai, mbele ya waamuzi. Mwenyewe yumo humu, na tumekwisha kukutajia pai yake. Ametuomba tuseme ili wengine wasirudie: kizibao cha uongo cha mmoja kinamfungia geti mwingine mwenye haki. Jioni ileile Bodi ya wakati huo ikabandika tangazo: hakuna mbwa kuingia bila kadi.

Kesho yake Lyle akaja, amenyoosha shati, amealikwa kwa jina, mama yake pembeni, Tansy katikati. Getini alikuwapo Verlin Koop. Verlin ndiye aliyeendesha basi la shule miaka yote ile. Amembeba Lyle tangu meno ya mbele hayajaota.

"Lyle, mwanangu, umependeza. Kadi iko wapi?"

"Kadi gani tena, mzee? Barua ya mwaliko hii hapa."

"Wewe nakujua. Kadi ya mbwa."

"Mbwa hana kadi. Hapigi kura, haazimi vitabu."

"Usinitanie, nyuma yako watu wamejaa. Hebu niambie, wewe unaumwa nini hasa mpaka utembee na mbwa?"

Na watu nyuma walikuwa wamejaa kweli. Walikuwamo waliosoma naye. Mmoja akapaza sauti, "Anaogopa kuku!" Watu wakacheka, hawakuwa na ubaya, kicheko cha foleni tu. Ardith aliona shingo ya mwanawe ikibadilika rangi. Akafanya ambalo mama yeyote humu ndani angelifanya.

"Nipe kamba, mwanangu," akamwambia. "Ingia upewe heshima yako. Mimi nitakaa naye hapa."

Lyle akamtazama. "Mama, una hakika?"

"Ni dakika chache. Nenda."

Akaenda.

Kule ndani waliitwa majina, wakasimama, watu wakapiga makofi. Kisha mzinga ukapigwa kwa heshima yao. Hakuna aliyewaambia kwamba utapigwa.

Nje ya geti Tansy akainuka kabla mlio haujaisha. Akavuta. Ardith si mtu wa kilo nyingi, akaburutwa kwenye kokoto mpaka goti likachanika, lakini kamba hakuiachia.

"Mtulize mbwa wako, Ardith!" Verlin akamkaripia.

"Hana hasira, Verlin! Anaitwa kazini!"

Kule ndani, mzee Emmett Rusk, naye alipigana vita vya zamani, alikuwa amemgusa Lyle begani kwa nyuma, amshukuru. Lyle hakumwona Emmett. Alichokiona yeye anakijua mwenyewe. Alimsukuma mzee akaanguka, mkono ukavunjika, kisha akarudi nyuma mpaka kwenye nguzo ya jukwaa, anapiga kelele watu walale chini. Watu wakakimbia. Askari mmoja wa kaunti, kijana mgeni asiyemjua Lyle, akasogea huku mkono wake uko kiunoni, penye bastola.

Mheshimiwa, hapa ndipo Ardith anaposhindwa kuendelea kila akituhadithia. Kutoka getini alikuwa anaona mambo mawili tu: mwanawe kwenye nguzo, na mkono ule kiunoni.

Aliyesema ni Verlin. "Mwachie! Ardith, mwachie mbwa!" Akaifungua kamba ya geti mwenyewe.

Tansy akapita katikati ya watu, hakumgusa mtu, akafika, akamwegemea Lyle miguuni. Lyle akashuka taratibu mpaka akakaa chini, uso kwenye manyoya. Askari akautoa mkono kiunoni. Ardith akafika mwisho, anachechemea.

"Samahani, Emmett," Lyle akawa anasema. "Samahani, Emmett."

"Nyamaza wewe," Emmett akamjibu kutoka chini. "Mimi niliporudi nilimtupa mke wangu nje ya kitanda. Nishike huu mkono mzima niinuke."

Emmett hakushtaki. Lakini tangu siku ile Lyle hajaja kwenye chakula cha kanisa wala mchezo wa mpira. Dukani huingia milango inapofunguliwa, kabla ya watu. Na tangazo lile la kadi, Mheshimiwa, bado liko getini. Limebandikwa upya kwa gundi mpya.

Onyo letu

Tunasema bila kupaza sauti, lakini tunasema. Mwaka jana mkono ulitoka kiunoni mtupu. Hatuna hakika na mwaka huu. Kijana mwingine, askari mwingine, mbwa nje ya geti, na tutakuja kukaa kwenye viti hivihivi tumevaa nyeusi, tukiulizana nani alibandika karatasi.

Na ninyi kina mama wenzetu, hasa ambao watoto wenu ndio kwanza wanarudi: usipokee kamba. Akikuambia shika, kataa. Kaeni nje wote watatu, au rudini nyumbani wote watatu. Makofi hayana thamani hiyo.

Maombi yetu

Kwanza, tangazo libanduliwe. Sheria ya nchi yetu haidai kadi, haidai hata kizibao. Inamruhusu mlinzi wa geti aulize mambo mawili: kama mbwa ni wa kumsaidia mwenye ulemavu, na amefundishwa kazi gani. Unaumwa nini, hilo halimo.

Pili, hayo mawili yaulizwe pembeni, kwa sauti ya chini, kama mnavyomwambia mtu kwamba zipu yake iko wazi.

Tatu, mzinga na fataki vitangazwe kabla, ili anayetaka kuondoka aondoke kwa miguu yake.

Nne, hatuombi upendeleo kwa mbwa mbaya. Akiuma, akichafua, akimshinda mwenyewe, atolewe, hata akiwa Tansy.

Risala yetu ingeishia hapo. Lakini leo mchana limetokea jambo, tumeongeza kwa kalamu.

Jumamosi hii binti yake Lyle, Brynn, anaingiza kondoo wake uwanjani kushindanishwa kwa mara ya kwanza. Amemlea tangu analishwa kwa chupa. Wiki hii nzima amekuwa akimuuliza baba yake kama atakuja. Lyle amemjibu, "Nitakuja kama Tansy atakuja." Brynn akamwambia, "Basi mje leo kwenye chakula cha bibi, mjaribu."

Wakajaribu. Lyle alimleta mama yake na sufuria ya viazi mpaka getini. Verlin alikuwapo.

"Mzee Verlin, uliona mwenyewe mwaka jana."

"Niliona, mwanangu, na sijasahau. Mwaka jana nilifungua bila ruhusa, wakaniambia nikirudia wananitoa getini. Wakiniondoa mimi, watamweka asiyekujua kabisa. Mwenyekiti atakula humo ndani. Mwambieni yeye."

Lyle hakugomba. Alimkabidhi Ardith sufuria. Ardith akanyoosha mkono mwingine kwa mazoea, lakini Lyle akaiweka kamba nyuma ya mgongo wake. "Hapana, mama. Hii sikupi."

Kwa hiyo, Mheshimiwa, wakati sisi tunasoma, Lyle Sorensen amekaa nyuma ya pikapu yake nje ya geti la mashariki, Tansy miguuni pake. Sahani yake tumeifunika. Brynn yuko mlangoni pale, hajala, anakutazama wewe.

Tunajua desturi: risala ikisomwa, mgeni rasmi husimama akajibu. Tunakuomba leo usijibu kwa maikrofoni. Simama, pita mlango ule, Brynn atakuonyesha njia, ukamwambie Verlin neno moja. Chakula chako tutakitunza kikiwa moto.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, ayape mashamba yetu mvua bila mawe, na kila aliyetoka Tillery aweze kurudi Tillery kwa kuingia getini.

Ni sisi,
Kina Mama wa Wanajeshi wa Kaunti ya Tillery, Nebraska