Wimbo wa Viti: Kumuaga Santuri, Dijei wa Ukumbi Wetu

Santuri anastaafu Jumamosi hii, tarehe thelathini, baada ya kutuchezesha hapa kwenye kiwanda chetu cha sabuni kwa miaka thelathini na moja, na mtu aliyemfundisha kazi, akamshika mkono tangu siku ya kwanza mpaka akawa dijei, ni mimi mtunza ukumbi. Naandika haya kwa fahari ya mwalimu.

Haya, nimeshamwona mama wa kantini anabenua midomo. Ni uongo. Sikumfundisha kitu. Siku yake ya kwanza nilimwonyesha swichi ya kuwashia spika, na swichi yenyewe haikuwa hiyo. Alipoibonyeza, feni za kantini zote zilizimika na watu wakala huku wakitiririkwa jasho. Hayo ndiyo mafunzo yote aliyoyapata kwangu. Mengine alikuja nayo.

Hata hiyo miaka thelathini na moja msinishikie. Ofisi inasema hivyo. Shemeji yangu, yaani mke wa Santuri, anasema ni zaidi, kwa sababu hapo mwanzo mumewe alikuwa analipwa kwa sabuni, na ofisi haihesabu sabuni. Nilipomwuliza mwenyewe alisema yeye huhesabu Jumamosi tu, na hesabu ilishampotea. Kwa hiyo tunamuaga mtu ambaye hatujui kaanza lini, na kusema kweli sijaelewa vizuri anaacha nini. Mtu wa tanuri akistaafu anaacha moto. Dereva anaacha gari. Huyu ataachaje muziki, na kichwa anaondoka nacho?

Wasifu wa namna hii kwa kawaida huandikwa na mtu aliyesoma. Mimi darasa la nne nililionea dirishani. Lakini wasomi walipoombwa, kila mmoja alikumbuka ana kazi nyingi, ndipo afisa utumishi akaniletea karatasi, akaniambia niandike kwa heshima, kwa ufupi, na yeye nisimtaje. La tatu limeshanishinda. Hayo mawili tutaona.

Kwa wafanyakazi wapya ambao bado mnaanguka ukumbini, nieleze kidogo. Ukumbi wetu ni kantini siku zote. Ni ukumbi wa dansi Jumamosi mchana tu, zamu ya asubuhi ikishatoka. Meza husukumwa stoo, viti hupangwa ukutani, na sakafu, ambayo huoshwa kwa mabaki ya sabuni yetu wenyewe, huteleza kama ulimi wa dalali. Mgeni tunamjua kwa kuanguka. Mwenyeji huteleza kwa makusudi, akauita huo mtindo wake. Jua likikaribia kuzama hulia king'ora cha zamu ya usiku, na kabla hakijalia lazima meza ziwe zimetolewa stoo na viti vimerudi mezani, la sivyo watu wa tanuri watakula wamesimama kama farasi.

Santuri hukaa kwenye kile kibanda cha pembeni. Zamani kilikuwa cha kugawia chakula, na dirisha lake liliwekwa chini kwa ajili ya kupitisha sahani, si kwa ajili ya kutazama watu. Kwa hiyo muda wote huu dijei wetu hajawahi kuona sura ya mtu anayecheza. Ametuona kuanzia kiunoni kwenda chini. Anatujua kwa viatu. Meneja aliponunua viatu vipya vya ngozi, Santuri alimkaribisha kwenye kipaza sauti kama mgeni aliyetoka mbali na akamsihi asiiogope sakafu. Meneja akaiogopa, akaanguka, na ukumbi mzima ukawa unatafuta kitu mifukoni.

Santuri zenyewe, zile sahani nyeusi zilizompa jina, anaziweka kwenye maboksi ya sabuni, na mpangilio wake umenishinda mpaka leo. Nilidhani ni kwa majina ya waimbaji. Wapi. Boksi moja ni la watu waliogombana. Jingine ni la magoti mabovu, nalo nalijua kwa kuwa ni langu. Jingine ni la mtu anayerudi kazini baada ya msiba. Fundi mitambo wetu alipofiwa na mama yake alikuja Jumamosi moja akasimama mlangoni, haingii, hatoki. Santuri akainamia boksi lile na hakutangaza kitu. Fundi akaingia, akacheza peke yake mpaka wimbo ukaisha, akaenda zake. Leo hii anasema pole nyingine zote alizopewa kazisahau, ila hiyo. Nilimwuliza Santuri alijuaje hali ya mtu ambaye sura yake hakuiona. Akaniambia kamba za viatu hazikuwa zimefungwa.

Tena huwaazima watu santuri zake kama jirani anavyoazima chumvi. Zinarudi na mikwaruzo, naye anazipiga hivyo hivyo. Kuna nyimbo mbili tatu ambazo siku hizi tunaimba pamoja na mikwaruzo yake, na mtu akizisikia redioni zikiwa safi anaona zimeharibiwa.

Sasa nije kwenye jambo lililotuvuruga akili.

Iliundwa kamati ya kumuaga: afisa utumishi, mama wa kantini, na mimi kwa kuwa ndiye mwenye funguo. (Mimi mwenyewe nimeshastaafishwa mara mbili. Kila mara wakakosa funguo, wakanirudisha.) Tulimwita Santuri tukamwuliza angependa zawadi gani. Afisa utumishi alikuwa amependekeza saa ya ukutani, mama wa kantini godoro. Santuri akashukuru, akasema chochote atapokea, lakini kama kweli tunamwuliza anachotaka, anataka siku ya mwisho watu waucheze wimbo wa mwisho.

Tukatazamana. Mama wa kantini akauliza, "Ule wa viti?"

"Una jina lake," akasema Santuri.

"Lipi?"

"Silijui. Karatasi yake, ile ya katikati ya santuri, ilifutika kabla sijaupata. Lakini si viti."

Wimbo huo mnaujua wote. Ndio unaopigwa mwisho kila Jumamosi. Gitaa linaanza peke yake, taratibu, kama mtu anayepanda ngazi kwa kunyata, halafu anaingia mwanamke anayeimba kwa lugha ambayo hapa kiwandani hakuna anayeijua. Mama wa kantini anaapa unahusu mama mkwe. Dereva wa lori anasema ni habari za maharage, kwa kuwa anasikia neno linalofanana nayo. Na gitaa likiguswa tu, kila mtu anaokota kiti.

Ni nani aliyeanzisha? Hapo ndipo nilipopotea kabisa. Nilizunguka kiwanda kizima nikiuliza. Wafungashaji wanasema ilikuwa amri ya meneja wa zamani. Meneja wa zamani nilimfuata kwake, akaniambia hakuwahi kutoa amri hiyo. Alidhani ni desturi aliyoikuta. Watu wa tanuri wanasema waliiga kwa wafungashaji. Mama wa kantini anasema ni mimi. Mimi nasema ni yeye. Kitu kinafanywa na watu mia mbili kila wiki na hakuna aliyekianza.

Santuri alitueleza yeye kwa upande wake. Wimbo ule ndio anaoupenda kuliko zote alizo nazo. Aliuweka mwisho kama mama anavyomwekea mtoto kipande cha nyama chini ya wali, ili utamu umkute mwishoni. Kumbe sisi tukifika hapo tunainuka na sahani. Aliwahi kujaribu kuupiga katikati, jua bado kali. Wazee wa hapa mnaikumbuka siku hiyo. Viti vyote vilirudi mezani, watu wakaagana, mama wa kantini akabaki na sufuria nzima ya chai, na kijana mmoja wa maabara, aliyekuja na pete ya uchumba mfukoni, akajikuta ameshika mguu wa meza. (Walioana baadaye, msiwe na wasiwasi.) Meneja alifoka, na Santuri hakurudia tena.

Akasema neno moja ambalo tangu siku hiyo nalala nalo na kuamka nalo. "Mzee, miaka yote hii nikiupiga ule, pale dirishani naona miguu ya viti tu ikipita."

Tukaona hilo ni dogo. Afisa utumishi akatoa tangazo kwa maandishi. Jumanne, baada ya kazi, wote tukakusanyika ukumbini kujaribu. Tuliambiwa mara tatu: wimbo ukianza, hakuna kugusa kiti, tunacheza. Tukaitikia kama watoto wa shule. Gitaa likaanza kupanda ngazi zake.

Jamani, mazoea yana taabu. Sijui niseme ni nini kilitokea. Nilimwona fundi mitambo na viti viwili. Nilimwona afisa utumishi, aliyeandika tangazo kwa mkono wake, anabeba cha kwake huku anatukemea sisi tuache. Nilimwona shemeji yangu, mke halali wa mwenye wimbo, amekumbatia kiti kifuani na macho ameyatoa, kama mtu aliyeokota mtoto wa watu na hajui ampeleke wapi. Nikataka kucheka, nikagundua siwezi kujipiga paja, maana na mimi mikono ilikuwa imejaa.

Muziki ukakatika. Santuri akatoka kibandani, hedfoni shingoni, akasema, "Basi, imetosha. Nipeni saa tu, inatosha." Akacheka hata. Lakini nimemjua mtu huyu muda mrefu, na kile hakikuwa kicheko cha nyumbani kwake.

Kesho yake nilimfuata kibandani. Nilijifanya nimekuja kuangalia nyaya. Nikamwomba aniwekee ule wimbo, tuko wawili tu, milango imefungwa. Akauweka. Nikakaa juu ya boksi la magoti mabovu na mikono nikaikalia, ili isinifanyie mambo.

Ndugu zangu, ule wimbo una mwisho. Mlikuwa mnajua? Mimi sikujua. Sisi tukifika hapo huwa tunaburuza viti, kelele tupu. Kumbe yule mwanamke akishamaliza maneno yake, gitaa halishuki ngazi. Linangoja. Halafu yeye anacheka. Anacheka kidogo hivi, karibu na masikio yako, kama mtu aliyefunguliwa mlango na mtu aliyemtarajia, kisha wanaanza upya wote wawili, kwa haraka, na hapo hata goti langu bovu lilijua la kufanya. Sijaelewa neno hata moja, na sijaelewa ilikuwaje nikatokwa na machozi juu ya boksi la sabuni. Santuri alikuwa anatazama nje ya dirisha lake la chini, kwenye sakafu tupu. Nikatazama na mimi. Kweli, kutoka pale sura ya mtu huioni.

Sasa nashukuru kwa niaba ya kiwanda, maana nimeambiwa nishukuru. Santuri, asante kwa Jumamosi zote, zilizohesabiwa na zilizolipwa kwa sabuni. Asante kwa kuwachanganya watu wa tanuri na wafungashaji, ambao kabla yako walikuwa hawasalimiani mpaka mmoja wao amwangukie mwenzake. Asante kwa boksi langu. Mapumziko yako yawe marefu na yenye sakafu isiyoteleza, masikio yako yabaki mazima, na shemeji akuvumilie mchana kutwa, kwa kuwa hajawahi kukuzoea nyumbani siku ya Jumamosi.

Nanyi wengine mnaosoma karatasi hii mkiwa mmekaa ukutani, hakuna hapa ambaye sijamfungulia mlango wa nyuma. Aliyechelewa zamu nilimfungulia. Aliyemkimbia mchumba wa kwanza alipokuja na wa pili nilimfungulia. Meneja nilimfungulia siku ile ya viatu, akatoka bila kuonekana. Sijawahi kudai kitu. Leo nadai, na ni kidogo.

Gitaa likianza, kaeni juu ya mikono yenu kwanza, mpaka ipoe. Kisha inukeni, lakini mikono mitupu. Santuri ikishawekwa huzunguka yenyewe, haihitaji mtu. Kibanda nitakifungua na yeye nitamtoa nje, aone sura zenu. Shemeji, wewe kikalie kiti chako, usikibebe, mpaka mumeo aje akuinue. Msiondoke kabla yule mwanamke hajacheka.

Viti niachieni mimi. King'ora kikilia kabla sijamaliza, watu wa tanuri watakula wamesimama leo.