Mkono wa Fundi Teofili

Wakubwa shikamooni, na ninyi wengine wote mliofika kutufariji nawasalimu. Mimi ni Polikarpo, mdogo wake marehemu, na ukoo umenituma niwasomee maisha ya kaka yangu.

Marehemu Teofili Donati alizaliwa Mngeta tarehe 4 Machi 1899, akasoma shule ya misheni Ifakara tangu 1911 hadi 1914, vita vya Wajerumani vilipoifunga, kisha akajifunza kwa baba kazi ya kuchonga mitumbwi, na kwa miaka arobaini hakuna mtumbwi wake uliozama kwa kosa la fundi, jambo ambalo sisi wa nyumba hii tunatamba nalo bila haya. Tarehe 12 Julai 1924 alifunga ndoa na Apolonia, wakajaliwa watoto watano, na wanne wako hapa.

Mwaka 1951 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka akiwa amekaa, lakini akishika tezo ya kuchongea unatulia, nasi tukauona huo kuwa ushahidi kwamba mizimu imemkamata, kwa sababu alikuwa akikata mivule bila kumwaga pombe ya tambiko, akipiga ishara ya msalaba tu. Uso ulipokakamaa tulidhani ametununia, na tarehe 9 Agosti 1953 kikao cha ukoo kilimtaka akiri kosa, naye akajibu, "Mkono wangu unaumwa, lakini sijamkosea mtu." Aliondoka, akaendelea kuchonga, ingawa wateja wengi walimkimbia.

Mwaka 1955 daktari wa Ifakara aliyempima alituita, akatueleza kwamba ugonjwa huo unaitwa Parkinson, kwamba sehemu ndogo ndani kabisa ya ubongo, inayoongoza mwendo wa mwili, hufa polepole, ndiyo maana mkono hutetemeka ukipumzika, hatua huwa fupi, na uso hushindwa kucheka hata moyo ukicheka, na kwamba dawa ya kuuponya hakuna. Alifariki tarehe 2 Juni 1958, saa nne asubuhi, mikononi mwa mkewe, akiwa na akili zake timamu.

Tunamshukuru daktari na wauguzi, majirani waliomnywesha uji kijiko kwa kijiko, na mafundi wenzake waliochonga jeneza hili.

Aliyesimama kikaoni mwaka 1953 na kumtaka akiri nilikuwa mimi, na baada ya daktari kusema nilikaa miaka mitatu nikiona aibu kumwomba radhi. Leo, mbele yenu nyote, nayafuta maneno yale. Kaka, hukumkosea mtu. Pumzika kwa amani, jina lako ni safi.