Trauti Wasiolishwa Leo

Mfuga trauti alikuwa akimweleza mama aliyeketi naye kwenye treni, mbele yangu, kwamba samaki wake leo hawalishwi. "Maji yakipata joto, hewa iliyomo hupungua. Ukiwalisha, wanahitaji hewa zaidi, wanakufa wameshiba."

"Nani kabaki bwawani?" mama akauliza.

"Mama mkwe. Nimemkataza kuwalisha."

"Ukamweleza sababu?"

"Mkwe haelezwi, anaheshimiwa."

Mama alicheka hadi nikasahau kujifanya nasoma gazeti. "Mwanangu, hata mimi ni mama mkwe. Uniachie viumbe wananitolea macho, halafu niwanyime chakula?"

"Hata ukikatazwa?"

"Hapo ndipo nitawaongeza!"

Treni ikasimama. Mfugaji, aliyesema anakwenda mwisho wa reli, aliteremka hapo hapo, simu sikioni: "Shikamoo, mama! Tafadhali, hilo kopo la chakula liweke chini!"