Kikohozi Kisicho na Leseni

Benchi letu limeegemea ukuta kati ya kibanda cha kinyozi na duka langu la kushonea, na ukikaa hapo, utake usitake, unaitazama ofisi ya Bosi Boza iliyo ng'ambo ya barabara. Sipendi kumsema mtu vibaya, lakini huyu nitamsema. Zamani alikuwa anakaa hapa hapa, anakunywa kahawa yetu na kulalamika kuliko sisi wote. Leo ana maboza, malori ya tangi ya kuuzia maji, ana kiti kinachozunguka, ana antena iliyoipita nguzo ya umeme kwa urefu, na madereva wake wanaongea kwa redio za upepo wakati sisi tunaitana kwa miluzi. Leseni ya kutumia hizo redio ameitia kwenye fremu, akaitundika mahali inapopigwa na jua la asubuhi, ili sisi wa huku tusipate hata nafasi ya kuisahau. Roho inaniuma, nasema wazi. Hapa benchini inatuuma wote, ila kila mtu na pake.

Asubuhi hiyo gari la mamlaka ya mawasiliano lilisimama mbele ya ofisi yake. Akashuka mkaguzi na mkoba.

— Amekwisha, alisema Serikali.

Serikali ni jina tulilompa sisi; ni karani mstaafu wa posta, ila akisema "sisi" utadhani ametoka kwenye kikao cha mawaziri.

— Amekwishaje? aliuliza Betri, ambaye kazi yake ni kuchaji simu za watu.

— Ada, bwana. Redio ya kurusha sauti si kama ile ya kusikiliza mpira. Kila moja inalipiwa ada serikalini, kila mwaka, na inabandikwa stika yake. Huyu analipia moja, hizo nyingine amezitolea stika fotokopi. Sisi hatudanganyiki.

— Umeziona hizo fotokopi?

— Niende kuona nini? Mtu aliyekuwa anakopa kahawa, leo alipie redio zote zile kihalali?

Hoja hiyo ilituingia vizuri sana. Hata muuza kahawa alitikisa kichwa kukubali.

— Mimi nasikia halipii redio, alisema Betri. Analipia hewa. Wanakukatia kipande, kinaitwa masafa, kinakuwa chako. Kuanzia pale kwenye antena mpaka kule mlimani, hewa yote ya Bosi.

— Kwa hiyo sisi hapa tunavuta hewa yake?

— Unavuta na kutoa. Na ukipiga chafya, unamchafulia.

— Basi atulipe! Serikali aliweka kikombe chini. Mawimbi yake si yanapita hapa? Yanapita juu ya benchi letu, yanatupita tumboni, bila hodi. Jino hili limeanza kuniuma tangu ile antena isimame.

— Jino lako lilikuwa bovu kabla antena haijazaliwa, alisema muuza kahawa.

— Lilikuwa bovu, haliumi.

Nami sikutaka kuachwa nyuma. Nikasema tangu ile antena isimame, uzi wa cherehani yangu unakatika ovyo, na kwamba mteja akitaka kuja kwangu, akifika katikati ya barabara anavutwa kule kama pini na sumaku. Nilipoanza kusema nilikuwa natania. Nilipomaliza nilikuwa naamini.

Aliyekuwa kimya ni Wembe, kinyozi wetu. Yeye hakumwonea Bosi wivu wa maboza wala wa kiti. Mke wa Wembe ndiye anayeendesha redio ya ofisi ile. Anakaa dirishani pale ng'ambo, kipaza sauti mkononi, anawaelekeza madereva nani ameishiwa maji na nyumba iko upande gani. Ukimsikia shemeji yetu redioni, "Boza la tatu, nakusikia, endelea," utataka kununua maji hata kama kwako yanamwagika.

Na Wembe alikuwa anamsikia. Hilo tulilijua benchi zima, na ndilo lililotufanya tusitulie. Alinunua redio ya mkononi kwenye mitumba, Betri akaichaji, akahangaika na vitufe vyake mpaka sauti ya shemeji ikatoka. Tangu hapo inakaa kwenye mfuko wa koti lake jeupe la kazi, sauti chini, na kila akisimama kunyoa anageuza sikio huko mfukoni. Watu wawili wameshatoka pale na denge lisilo sawa.

— Mnasema hewa, alisema Wembe hatimaye. Hewa ni kitu gani? Sauti ya mtu ikishapita kwenye masafa ya mwenzake, inakuwa ya nani?

— Ya mwenye leseni, alisema Serikali bila kufikiri.

— Ndicho nilichokuwa nakiogopa.

— Acha bwana, Wembe. Shemeji yuko kazini.

— Kazini sawa. Nyumbani anasema "chakula kiko mezani", basi, kimya mpaka asubuhi. Huku anasema "endelea, nakusikiliza". Anamsikiliza nani? Dereva! Na yule wa boza la tatu kila akimaliza, "Asante sana, mama, Mungu akuweke." Amweke wapi?

— Wewe umeshawahi kumwambia asante? aliuliza Betri.

— Mke wangu? Asante ya nini?

Hapo ndipo shida yenyewe ilipoanzia. Ile redio ina kitufe ubavuni. Ukikibonyeza, kitaa chekundu kinawaka, na kila mwenye redio anakusikia wewe, ila wewe husikii mtu mpaka uachie. Wembe aliapa kwamba hatakibonyeza kamwe. Lakini siku moja dereva aliposema asante yake, Wembe alikibonyeza akakohoa. Kikohozi cha mwanamume aliyeingia sebuleni akakuta wageni asiowajua. Siku ya pili akakohoa tena. Ikawa ndiyo dawa yake. Kila asante, kikohozi.

— Leo ninyi mnacheka, alisema Wembe huku akilitazama gari la mamlaka. Mimi nasubiri leseni ishuke kwenye ule ukuta. Ikishuka, redio zinazimwa. Redio zikizimwa, mke wangu anarudi nyumbani, anaongea na mimi.

— Watamzimia kila kitu, alisema Serikali kwa furaha. Ukikutwa na redio isiyolipiwa, wanaichukua, na faini yake inapita ada ya miaka mingi. Kwa fotokopi zile? Atauza hadi kile kiti.

— Kiti hicho nitakinunua mimi, nilisema.

Mlango wa ofisi ukafunguliwa. Tulitegemea kumwona Bosi ameshika kichwa. Badala yake alitoka akicheka, akapeana mkono na mkaguzi, akarudi ndani. Leseni ilibaki ukutani, jua linaipiga. Halafu mkaguzi, jambo ambalo hatukulitegemea, akavuka barabara na kuja moja kwa moja kwenye benchi.

— Hamjambo wazee? Nimeambiwa kahawa nzuri iko huku.

Alikuwa kijana mtanashati, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Tulisogea. Akakaa kati ya Serikali na Wembe, kikombe mkononi, mkoba miguuni.

— Vipi huko, afisa? aliuliza Serikali kwa ile sauti yake ya kikao. Mmegundua fotokopi?

— Fotokopi gani? Yule bwana ada zake zote zimelipwa mapema. Kila redio ina stika yake halali. Wote wangekuwa kama yeye, mimi ningekosa kazi.

Serikali alishika jino lake. Mimi, kama si aibu, ningelia.

— Sasa mbona umekuja? aliuliza Betri.

— Ameniita mwenyewe. Kuna redio moja isiyo yake inaingia kwenye masafa yake. Haisemi neno. Inakohoa.

Muuza kahawa alimimina kahawa nje ya kikombe. Hakuna aliyemwambia.

— Inakohoa? alisema Betri, na sauti yake ikapanda juu.

— Kila dereva akimshukuru yule mama wa redioni, mtu anakohoa. Juzi dereva mmoja alishindwa kusikia namba ya nyumba, akapeleka boza zima kwa mtu mwingine. Nimemwuliza mama mwenyewe kama anamjua huyo mtu. Amesema hamjui.

Nilimtazama Wembe. Alikuwa ameganda, uso kama wa mtu anayepimwa homa. Mkewe anakijua kikohozi chake kuliko anavyojua saa ya ukutani. Amekaa mbele ya bosi na afisa akasema hakijui.

— Bosi wake hakuridhika, aliendelea mkaguzi. Anasema huyo atakuwa mwanamume wake wa pembeni, wanapeana ishara kwa vikohozi. Amempa mpaka jioni. Mwenye kikohozi asipopatikana, mama akusanye vitu vyake aende.

— Wa pembeni! alisema Wembe. Lilimtoka tu.

— Ndivyo anavyosema bosi.

Nilidhani Wembe angefurahi. Si ndicho alichokuwa anakiomba, mkewe arudi nyumbani? Lakini mkono wake ulikuwa umezama kwenye mfuko wa koti, na kitambaa kimevutwa, nikajua anaifinya ile redio kwa hasira zake zote. Kisha nikaona kitaa chekundu kinang'aa kupitia koti jeupe. Kitufe kilikuwa kimebonyea, na mwenyewe hana habari.

Nilikohoa mimi, cha kumshtua. Hakunielewa. Nilimkonyeza, akadhani namdhihaki. Nami ningesema nini, na afisa amekaa pale, goti lake linagusa la mwizi wake?

— Mimi simlaumu anayekohoa, alisema mkaguzi akipuliza kahawa. Ile sauti, wazee! Nimekaa pale kukagua redio, nikajikuta nasikiliza maji yanapelekwa wapi. Halafu mwenyewe mpole, ana heshima, kazi anaijua.

Kitaa kilizidi kung'aa, au ndivyo nilivyoona.

— Hivi, alisema, ukimwacha huyo wa pembeni, yule mama ana mume?

Basi. Swali dogo kama hilo, lisilohitaji leseni wala stika. Serikali, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu alipostaafu, aliangalia viatu vyake. Betri alianza kuhesabu nyaya za umeme juu. Muuza kahawa alitikisa birika, likawa halina kitu. Mimi nilijua nikisema anaye, linalofuata litakuwa "yuko wapi", na yuko hapa, na faini yake inapita kibanda chake cha kunyolea pamoja na viti. Nikinyamaza, nimemfanya shemeji yangu mjane mbele ya mumewe.

— Mbona kimya? Nimeuliza vibaya?

Wembe alikuwa anamtazama yule kijana shati, kola, mpaka viatu. Jasho lilimshuka. Sijawahi kumwona mtu akimezwa na wivu huku ameukalia. Vidole vikamlegea, mkono ukatoka mfukoni kupangusa uso, na kitaa kikazimika.

Papo hapo koti lake likaongea.

— Baba watoto, mjibu afisa. Mmetuwekea hewani mazungumzo yote, na mimi nataka kusikia.

Mkaguzi aligeuka taratibu. Wembe aliitoa redio kwa mikono miwili kama mtu anayetoa kifaranga mfukoni. Sauti nyingine ikaingia, nzito, na mngurumo wa injini nyuma yake:

— Mjibu tu, bwana. Boza la tatu hapa, tunasubiri wote.

Tulitazama ng'ambo. Shemeji alikuwa amesimama dirishani, kipaza sauti mdomoni, na nyuma yake Bosi Boza ameegemea kile kiti chake bila kukikalia. Hakukuwa na mtu kati yetu aliyetaka kuwa mahali pa Wembe wakati huo. Lakini nitasema kweli, nilimwonea wivu hata hapo. Kwangu mimi, nani angeshika redio mbele ya mji mzima kunidai jibu?

Wembe alibonyeza.

— Anaye, alisema. Mumewe ni mimi.

Akaachia. Mkaguzi alikuwa ameshanyoosha mkono kuidai redio, lakini hakuivuta. Naye alitaka kusikia.

— Sawa, ilisema sauti ya shemeji, ile ile ya kila siku. Bosi yuko hapa nyuma yangu, anasikiliza. Malizia. Endelea, nakusikia.

Wembe alitutazama sisi, mmoja mmoja, labda alidhani kuna atakayemsaidia. Nilijifanya naokota uzi kwenye suruali. Akakiweka kidole kwenye kitufe, na kwa mara ya kwanza akakibonyeza polepole.

— Na kikohozi ni changu, alisema.