Hakusaini Kabla ya Kupima

Ijumaa, tarehe 30 Juni, mkaguzi mkuu wa vifaa katika ligi yetu ya peintboli atakabidhi funguo za chumba cha ukaguzi baada ya utumishi wa miaka ishirini na sita. Jina lake kamili limo kwenye faili. Uwanjani sote tunamwita Bi Kipimo.

Alianza kama mwosha barakoa. Mchezo wetu ni wa bunduki za hewa zinazorusha vidonge vya rangi, na mchezaji akitoka uwanjani huwa amepakwa mpaka masikioni. Mwaka wa tatu akahamia meza ya ukaguzi, ambako kila bunduki hupimwa kabla ya mechi: kidonge kisizidi kasi ya futi mia tatu kwa sekunde, na vidonge visizidi kumi kwa sekunde. Mkwewe mwenyewe aliwahi kuleta bunduki iliyozidi kwa futi mbili tu. Alikaa benchi mechi nzima, na Jumapili ile chakula cha mchana kwao kililiwa kimyakimya.

Kisa tunachomkumbukia zaidi ni cha fomu moja. Miaka tisa iliyopita, seremala mmoja aliyepoteza vidole viwili kwenye msumeno alijichongea kifyatulio kipana cha mti, ili aweze kukivuta kwa vidole vilivyobaki. Timu yake ikawang'oa mabingwa katika nusu fainali. Mabingwa wakaja juu. Alasiri hiyohiyo, bunduki zikiwa bado zimefungiwa katika chumba chetu cha ukaguzi, kamati ikaamua kupiga marufuku vifyatulio vyote visivyotoka kiwandani na kufuta matokeo. Katika ligi nzima kulikuwa na kimoja tu cha aina hiyo. Ilibaki saini ya mkaguzi, kuthibitisha kwamba kifaa kile kilimpendelea seremala.

Bi Kipimo aliisoma fomu akiwa amesimama. Akavua miwani, akasema, "Sijakipima, sisaini."

Akazipanga mezani bunduki za timu zote mbili. Ya seremala ilirusha vidonge sita kwa sekunde. Tatu za mabingwa, za kifyatulio cha umeme kutoka kiwandani, zilirusha kumi na tatu. Asubuhi zilikuwa zimepita kwa kumi. Kuna mtu alizichezea baadaye.

Mwenyekiti alimwambia hayo hakuulizwa. "Hapa tunazungumzia kifyatulio cha mti," alisema.

"Basi iandikeni sheria kwa namba," akajibu Bi Kipimo, "msiiandike kwa kuangalia mkono wa mtu."

Marufuku ilipita bila saini yake, naye akarudishwa kwenye ndoo za barakoa kwa misimu miwili. Hakununa. Ila kila Jumatatu alipeleka ofisini barua ileile ya mistari mitatu, ikiwa na vipimo vile nyuma yake. Katibu alipolalamika kwamba kabati limejaa, alimshauri atafute kubwa zaidi.

Nakala zikawafikia manahodha. Kwenye mkutano mkuu, kumi na mmoja kati ya kumi na wanne walitangaza kwamba hawatapeleka bunduki mezani mpaka mpimaji awe yeye. Kamati ikasalimu amri. Sheria ikaandikwa upya: hakuna kifaa kitakachopigwa marufuku bila kupimwa mbele ya pande zote mbili. Seremala alirudi na kifyatulio chake, akatolewa dakika ya pili ya mechi yake ya kwanza, akatoka anacheka huku rangi ya kijani ikimchuruzika shingoni. Ushindi wake uliofutwa haujarudishwa mpaka leo, na tunaliandika hilo makusudi.

Wiki iliyopita ofisi ilituomba tuiache habari hii, eti sherehe isije ikaingia doa. Tumekataa. Misimu ile miwili, sisi wenzake tulikuwa tunapita mbali naye tusionekane tukimsalimia. Aibu hiyo inatutosha.

Bi Kipimo, asante kwa kutufundisha kazi, na samahani kwa kuchelewa kusimama nawe. Kapumzike, wacheze wajukuu magotini, afya isikupungukie. Na yeyote atakayeleta fomu kwenye meza hii kabla ya kupima, ajue kwamba hata sisi hatusaini.