Mguu wa Battiste Kwenye Chokaa

Jumamosi ile basi la kwenda uwanjani lilijaa kofia za njano. Mbele yangu mzee mmoja alikuwa akimsimulia mama aliyekaa naye, ingawa hawakujuana, habari za Cleophus Battiste, nyota wa zamani wa mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mkononi.

"Mwaka sitini na saba, dada! Kaubana mpira kwapani, kawapita watu saba mpaka mwisho wa uwanja! Ndiyo timu za kulipwa zikamchukua!"

Nilipoisikia hadithi hii mara ya kwanza, waliopitwa walikuwa wanne.

"Wa mwisho ni kaka yangu Lemuel," mama akamkata. "Alimsukuma, Battiste akakanyaga chokaa ya mstari wa pembeni, akawa nje! Leo Battiste ana sanamu, Lemuel aliishia kuuza matairi mjini Shreveport."

"Acha uzushi, dada! Mwamuzi alikuwa hatua mbili tu, akanyanyua mikono kukubali alama!"

"Kipofu yule!"

Basi zima likaangua kicheko, kisha likagawanyika: kakanyaga, hajakanyaga! Liliposimama, mama akanigeukia. "Mzee wangu, na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

Sikumwambia kwamba mikono ile ilikuwa yangu, wala kwamba miguu ya Battiste sikuitazama. Nilikuwa nashangilia.