Kuku Mmoja ni Zawadi

Basi lilikuwa limeshapita Isinya, na Adero, karani aliyepanga chumba Kitengela, alikuwa bado anamsomesha jirani yake wa kiti maana ya bajeti.

"Unatoa ushuru kwanza, mama. Kinachobaki ndicho cha unga na maji."

Jirani huyo, Nyaguthii, alikuwa anapeleka kuku watano sokoni, wamefungwa miguu chini ya kiti. "Nikilipia hawa wote ushuru, ni kama nimepea kaunsil kuku mmoja mzima. Na huyo ndiye unga wa nyumba yangu!"

"Sasa barabara itatengenezwa na nani?"

"Kwani imetengenezwa?"

Basi likaruka shimo, abiria wote wakarushwa juu.

Walipokaribia mji, Nyaguthii akaanza kuwagawia abiria kuku, kila mtu wake. Kuku watano ni biashara, akawaeleza, lakini kuku mmoja ni zawadi tu. Jogoo akatua mapajani mwa Adero kabla hajapata nafasi ya kukataa.

Askari wa kaunsil, mtoza ushuru wa soko, akasimamisha basi, akachungulia dirishani. "Madam, huyo ni wa kuuza?"

Adero akamkumbatia jogoo. "Ni wa mama mkwe," akasema, na hata mchumba hakuwa naye.

Askari akawaruhusu, basi likaingia steji. Nyaguthii akapita akikusanya kuku wake huku akicheka, mpaka akafika kwa jogoo. Akavuta. Adero hakuachilia.

"Ushuru kwanza, mama."